Jina la Miti Miwili

Juzi mwanangu alinipeleka kwenye ghala lake kule Rusayl, nje ya Maskati, nikaone anakoshinda mchana kutwa. Alikuwa akinionesha mashine ya kufungia makatoni, nami nikiitikia kama mama anavyoitikia, mara harufu ikanijia kutoka upande wa pili, palipopangwa magunia yanayongoja kusafirishwa. Ilikuwa harufu ya chumvi na moshi, na ya kitu kilichoanza kuoza kisha jua likakiwahi. Nilijua ni nini kabla sijageuza shingo. Ni majongoo ya bahari, yametoka kisiwa cha Masira, yanakwenda Uchina. Mwanangu akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia la, nimemkumbuka babu yangu.

Babu mzaa mama nilimjua kwa harufu hiyo kabla ya kumjua kwa jina. Alitoka Kantoni akiwa kijana, akafika Unguja kununua majongoo kwa wavuvi, na kwao hakurudi tena. Alisilimu akaitwa Abdalla, akamuoa bibi yangu, mwenyeji wa Funguni, wakamzaa mama yangu, Rukia. Uani kwake palikuwa na sufuria kubwa nyeusi isiyopoa. Majongoo aliyapasua tumbo kwa kisu kifupi, akayasafisha, akayachemsha, akayaanika juu ya mikeka, nasi wajukuu kazi yetu ilikuwa kuwafukuza kunguru. Mtaani watu walimwita Mchina, naye aliitika bila kinyongo. Lakini jioni akiisha koga na kukaa kibarazani, alimwambia mama kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo lisije likapotea: "Sisi ni Lam."

Mimi nilisikia Lamu. Jirani yetu muuza halwa alikuwa mtu wa Lamu, alikuwa akiisifu mchana na usiku, na masikio ya mtoto husikia kile anachokijua. Basi nikakua nikiamini kwamba babu yangu, pamoja na macho yake membamba na nywele zake zilizolala, ni mtu wa Lamu. Sikuona ajabu. Lamu sijaifika, nitajuaje sura za watu wake?

Babu alifariki kabla mambo hayajaharibika Unguja, na Mungu alimstahi kwa hilo. Baba yangu yeye zile siku za mwanzo zilimchukua, na hapo nitapaacha. Mama alinishika mkono tukapanda meli pamoja na jamaa wengine waliokuwa wakikimbilia Maskati. Huko ndiko alikokuwa mama yake baba, Bibi Thuraya, ambaye alikaa Unguja miaka mingi kisha akarudi kwao uzeeni, kabla baba hajaoa. Alimwona mama kwa mara ya kwanza siku tuliyobisha mlango wake.

Maskati ya wakati ule haikuwa hii ya taa na barabara. Ilikuwa mji mdogo uliobanwa baina ya bahari na milima myeusi, milima ambayo ikisha kunywa jua la mchana huanza kuwatemea watu joto magharibi. Nyumba ya Bibi ilikuwa nje ya lango kubwa la mji, ina vyumba vitatu na uwa wenye mkunazi mmoja. Bibi mwenyewe alikuwa mwembamba, mnyoofu, hapandishi sauti. Mimi alinipokea vizuri, alinivuta akaninusa kichwani, akalia kwa ajili ya mwanawe. Mama alimpa mkono tu. Alimtazama uso muda mrefu, akamuuliza kwa Kiswahili cha Unguja, "Nawe mwanangu, kina nani?"

Mama akajibu kwamba yeye ni binti Abdalla wa Funguni. Bibi alikuwa hakuulizia hilo, na wote wawili walijua. Kule kila mtu alikuwa na kabila lake, na kabila ndilo lililosema wewe utakaa wapi katika majlis ya wageni, nani akuoe, nani akuzike. Sisi tuliotoka Unguja tulikuwa tunatazamwa mara mbili. Anayeweza kutaja kabila lake alitazamwa mara moja na nusu. Mama hakuwa na la kutaja. Kwa hiyo alipika, alifua, alichota maji, na kahawa ya wageni aliileta akaiweka, akarudi jikoni. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwambia akae.

Hali hiyo niliibadilisha mimi bila kujua. Siku moja walikuja wanawake wa jirani, wakaketi na Bibi juu ya zulia, wakala tende, kisha mmoja akanivuta akaniuliza mamangu ni mtu wa wapi. Nikajibu mbio, nikifurahi kuwa najua jawabu, kwamba babu alikuwa akisema kila siku, sisi ni watu wa Lamu. Wanawake wakatazamana. Wakaanza kusema kwamba Lamu ina masharifu, ina nasaba za Hadhramaut, kwamba hata huo weupe wa Rukia sasa umefahamika. Mama alipoingia na birika la kahawa, Bibi alisogea kidogo, akapiga zulia kwa kiganja cha mkono.

"Kaa," akamwambia.

Mama akakaa. Alipofahamu kwa nini amekaribishwa, maneno yalikuwa yamekwishafika nyumba ya tatu. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba usiku ule alikusudia kuusema ukweli, na asubuhi akaona Bibi amemtengea kikombe chake cha kahawa, chenye mstari wa buluu, na ulimi ukawa mzito.

Mimi nilikuwa na furaha zangu. Nilikuwa nasoma kwa mwalimu mmoja mwanamke, na tulipofika mwanzo wa Sura ya Bakara, alif, lam, mim, nilimwambia kwamba hiyo ya katikati ni ya kwetu. Mwalimu alicheka mpaka akapangusa macho. Nilikwenda nyumbani kumsimulia mama, nikashangaa kuona yeye hacheki. Kila likitajwa jina la Lamu mbele za watu mama alikuwa akiinuka kutafuta kazi ya kufanya. Mimi nikadhani anakumbuka kwao.

Wakati huo meli za mafuta zilikuwa zimeanza kuja, zikitia nanga upande wa pili wa mji jirani wa Matrah, kubwa kama mtaa mzima. Jirani yetu Bi Asha, naye wa Unguja, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Matrah, akiwahudumia wagonjwa. Asubuhi moja alikuja kwetu mbio, na buibui lake limejaa vumbi, akamwita mama uani. Baharia wa Kichina ameteremshwa kutoka meli moja. Kamba ya chuma imemponda mguu. Meli imeondoka, na yeye yuko kitandani, homa inapanda. Daktari anataka kuufungua mguu ausafishe usaha, lakini kila akimwonesha kwa mikono, yule mtu anadhani unakwenda kukatwa. Anapiga kelele, anajivuta mpaka ukutani. Kisu kilichokuwa kwenye sahani ya chakula amekificha chini ya mto, wala hapana anayethubutu kumsogelea. Daktari amesema ikipita kesho, mguu hautaokoka, na huenda mwenyewe naye asiokoke.

"Mimi nakujua wewe binti wa nani," Bi Asha alimwambia. "Sijasema, wala sitasema. Lakini nimekuja nikwambie."

Mama angeweza kukataa. Bi Asha angenyamaza, na yule baharia angekuwa maiti ya mgeni, asiyejulikana na mtu. Mama akaniambia nivae viatu. Kisha akaingia kwa Bibi, aliyekuwa akipepeta mchele, akakaa mbele yake chini. Maneno waliyosemezana mama alinihadithia nilipokuwa mkubwa.

"Mama," alisema, "mimi si mtu wa Lamu. Baba yangu alikuwa Mchina. Lam ni jina la ukoo wao. Mtoto alikosea kusikia, na mimi nikanyamaza."

Bibi akaendelea kupepeta. "Umeniacha niseme uwongo majumbani mwa watu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na leo kwa nini unaniambia?"

Mama akamweleza habari ya yule mgonjwa, na kwamba akienda, mji mzima utajua. Bibi akainamia ungo wake. Hakumkataza, hakumruhusu. Mama akangoja, halafu akainuka, akajifunga buibui, akanishika mkono.

Gari ya hospitali ilitupeleka Matrah kwa njia ya mawe iliyopita juu ya mlima. Nnakumbuka harufu ya dawa mlangoni, na sakafu iliyokuwa baridi hata nikatamani kuvua viatu. Baharia alikuwa kitanda cha mwisho, mgongo ukutani, macho mekundu, midomo imepasuka. Hakuwa mzee, lakini ndevu chache alizoota zilikuwa na mvi. Mama alisimama mbali kidogo. Akafungua kinywa, akatoa sauti ambazo mimi sijazisikia tangu uani kwa babu, zinazopanda na kushuka kama mtu anayeimba na kukatisha. Yule mtu akanyamaza ghafla. Nami nikawaza, kumbe huyu naye katoka Lamu.

Kichina cha mama kilikuwa cha mtoto. Baba yake alimfundisha njaa, maji, moto, lala, inauma, kuja ule. Neno la operesheni hakulijua, wala la daktari, wala la usaha. Basi akatumia yale ya uani. Alimwambia: hawakati. Watapasua kidogo, watasafisha, watafunga. Kama jongoo, lakini hawachemshi. Yule mgonjwa alimtazama, mdomo wazi, kisha kitu kikamtikisa kifua, nikaogopa, nikadhani ndiyo anakufa. Alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akatia mkono chini ya mto, akatoa kile kisu, akampa mama kwa upande wa mpini.

Halafu naye akamuuliza mama lile swali la Bibi. Wewe kina nani?

"Lam," mama alisema.

Akajigusa kifua. "Lim."

Nilimwona mama akivunjika moyo kidogo. Alikuwa karibu kufurahi, na sasa jina halikuwa lile. Lakini yule mtu akatikisa kichwa, akachovya kidole katika kikombe cha chai kilichokuwa pembeni, akachora juu ya sinia la bati: mti, na ubavuni pake mti mwingine. Kigogo, tawi la kukingama, matawi mawili yanayoteremka, kisha tena vivyo hivyo. Chai ikaanza kukauka pale pale kwa joto. Mama akashika mdomo. Alama ile ndiyo baba yake aliyokuwa akiipaka kwa rangi nyeusi juu ya kila gunia lake. Ndiyo alama pekee ya Kichina aliyoijua.

Wakampasua jioni ile, na mguu ukabaki.

Tukirudi nyumbani nilimuuliza mama yule mtu katoka Lamu siku gani. Mama alinitazama, akanipakata pale pale ndani ya gari ingawa nilikuwa mkubwa, akanieleza kila kitu: Lam, Kantoni, babu, na vile nilivyosikia vibaya. Nililia. Sikulia kwa aibu. Nililia kwa ajili ya Lamu, ambayo nilikwisha kujijengea kichwani, na minara yake na watu wake wote wanaofanana na babu, na sasa ilikuwa inaondoka.

Nyumbani Bibi hakusema na mama. Alisema nami, alisema na mkunazi, alimsemesha Mola wake kwenye msala, lakini mama alimpita kama mtu anavyoipita nguzo. Kikombe chenye mstari wa buluu kilirudishwa kabatini. Na habari zilienea kama mama alivyotabiri. Mwanamke mmoja alikuja makusudi kumpa Bibi pole.

Mama hata hivyo hakuacha kwenda. Mkate wa hospitali ulimshinda mgonjwa, kwa hiyo kila asubuhi mama alipika uji wa mchele mwepesi, akautia tangawizi na kipande cha samaki mkavu, akaufunga kitambaa, tukaenda nao. Mimi nilianza kumwita Mjomba Lim. Mama hakunikataza, kwa sababu Lim mwenyewe alikuwa akimwita yeye dada: alisema kwao wenye jina moja hawaoani, hata kama mmoja amezaliwa kaskazini na mwengine kusini, kwa kuwa asli yao mtu mmoja. Polepole, kwa maneno machache waliyoshirikiana na mengi ya kuonesha kwa mikono, alimhadithia mama jina lile limetoka wapi. Mama akawa akinifasiria mimi njiani.

Siku moja Bibi alitukuta jikoni. Alisimama mlangoni, harufu ya tangawizi imejaa chumba kizima, akamtazama mama akikoroga.

"Huyo mgonjwa," alisema hatimaye, "kina nani?"

Mama hakugeuka. Nafikiri aliogopa kwamba akigeuka Bibi atakwenda zake. Akaanza kuhadithia huku anakoroga. Zamani sana, kabla ya Nabii Isa, kulikuwa na mfalme dhalimu huko Uchina, na ami yake alikuwa waziri wake, mtu mkweli. Yule ami alimnasihi mfalme, akamnasihi tena, mpaka mfalme akamuua, akamtoa moyo. Mkewe alikuwa na mimba. Akakimbia peke yake, akaingia msituni, akazaa mtoto wa kiume katikati ya miti. Dhalimu alipoangushwa, mfalme mpya akawatafuta mama na mtoto, akawapata, akampa yule mtoto jina liwe lake na la kizazi chake. Akamwita Msitu. Na huo msitu ndio miti miwili wanayoiandika.

"Na wako wapi sasa?" Bibi aliuliza.

Mama akasema wametapakaa. Wengi wako Fukien, anakotoka huyu mgonjwa, ambaye lugha ya Kantoni alijifunza melini tu; huko kuna vijiji ambavyo kila mlango ni Lim. Wengine walishuka Kantoni na Hong Kong, huko ndimi zimelipinda wakawa Lam, na Saigon vile vile. Kaskazini wao ni Lin. Wako Singapore, wako Manila, wako Java. Wakisema hawaelewani. Wakiandika, ni kitu kimoja.

Bibi akaja, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada. Akasema kwamba na wao, kabila lake, walikuwa Yemen, wakati wa bwawa kubwa la Maarib. Bwawa likavunjika, maji yakawatoa. Wengine wakenda Sham, wengine Iraki, wengine wakaja huku Omani, na baadaye kutoka huku wengine wakenda Unguja. Alisimulia hayo kama mtu anayejisomea mwenyewe. Kisha akavuta kisu na kipande cha tangawizi, akaanza kumenya.

"Ndugu yako amelazwa Matrah," alisema, "na mimi mkwe wako sijakwenda kumtazama. Watu watanifahamu vipi?"

Alikwenda. Alivaa nguo yake ya Idi, akajifukiza udi, akachukua halwa na birika la kahawa, akapanda gari ya hospitali kama aliyezoea kupanda gari maisha yake yote. Wodini alikaa juu ya kiti, akamsalimu Lim kwa taratibu za Kiomani, moja baada ya moja: hali, habari, jamaa, safari. Mama akafasiri. Lim, aliyekuwa amelala, alijiinua akakaa, akafunga kifungo cha shati mpaka shingoni, akajibu kila swali. Bibi alitaka atajiwe ndugu zake wote walipo, nchi kwa nchi, na kila nchi ikitajwa alisema Mungu awahifadhi. Mwisho akammiminia kahawa kwa mkono wake.

Tulikaa naye hivyo mpaka mguu ukapona. Wale wanawake wa jirani walikuja tena kumpa Bibi pole, akawapokea, na kabla hawajakaa sawasawa akaanza yeye habari ya yule waziri aliyetolewa moyo. Aliisimulia vizuri kuliko mama. Waliondoka wakiwa na huzuni kwa ajili ya mjane yule wa msituni, na mmoja akauliza kama kuna jamaa yake Lim anayejua kushona, maana amesikia Wachina ni mafundi hodari.

Meli iliyokuja kumchukua ilitia nanga mbali, na mashua ndogo ikamfuata gatini Matrah. Alikwenda kwa miguu yake, akichechemea, na gongo la mkunazi ambalo Bibi aliamrisha likatwe uani. Jua lilikuwa kali, mawe ya gati yanaunguza. Lim alinishika kichwa, akaniambia kwa Kiswahili nilichomfunza mimi, kwaheri mtoto wangu. Wale wa mashua wakaanza kumwita.

Bibi akamgusa mama bega. "Mwambie," alisema, "akifika kwao awape habari. Awaambie binti yao mmoja yuko Maskati, na ana watu."

Mama alitafuta maneno katika yale machache aliyoachiwa na baba yake, ya njaa na maji na moto na lala, na nilimwona akihangaika, kwa kuwa safari hii habari ilikuwa yake mwenyewe. Kisha akayapata. Akayasema polepole, kwa sauti ya kupanda na kushuka, na Lim akasimama na mguu mmoja ndani ya mashua mpaka yakaisha.